Injekta ya mbolea kwenye mpira wa maji: ndoo inajaa badala ya kupungua

Bustani Ndogo (#1)

Wakuu habari za jioni.

Nina bustani nyuma ya nyumba, matuta sita: nyanya, pilipili hoho na maua kando ya ukuta. Nimechoka kubeba keni. Kila nikitaka kuweka mbolea ya maji ni safari ishirini kutoka bombani hadi mwisho wa bustani, mkono mmoja umerefuka kuliko mwingine. Nikajipatia kile kidude cha shaba kinachofungwa kati ya koki na mpira. Kina kimpira chembamba unachotumbukiza kwenye ndoo ya mbolea, maji yakipita kinafyonza chenyewe. Karatasi yake imeandikwa injekta, uwiano 1:16.

Jana nimekifunga. Nikakoroga mbolea kwenye ndoo, nikafungua koki, nikaenda mwisho wa mpira kumwagilia kwa raha zangu. Dakika kumi baadaye narudi, ndoo imefurika! Ile mbolea yangu ya bluu imekuwa kama maji ya kusuuzia nguo, inatiririka kwenye nyasi. Yaani badala ya kufyonza, kinatapika.

Mpira ni mita 30, mwisho una bastola ya kunyunyizia. Kidude ndicho kibovu au mimi?

Mzee Ndoo (#2)

Keni haijawahi kunitapikia.

Fundi Koki (#3)

Mkuu, kidude kinaweza kuwa na kasoro ndogo, lakini kesi kubwa ni huo mpira wa mita 30 na hiyo bastola.

Ndani ya hicho kishaba njia ya maji inabanwa ghafla. Maji yakifika penye wembamba lazima yakimbie, na yakikimbia presha yake inashuka. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliliandika jambo hili mwaka 1797, ndiyo maana wengine wanakiita venturi. Kimpira chako kimeunganishwa hapo hapo penye wembamba. Presha ya hapo ikishuka chini ya ile ya hewa inayotuzunguka, hewa ndiyo inayoisukuma mbolea ipande kutoka ndooni. Hakuna pampu wala umeme.

Sasa weka kizuizi mbele: mpira mrefu, mpira mwembamba, bastola, kinyunyizio cha kuzunguka. Maji yanakosa mbio, na bila mbio presha haishuki. Ukiachia kitufe cha bastola ndiyo balaa, maji yanasimama na presha yote ya bomba inakaa kwenye kitundu cha mbolea. Inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni ndooni kwako.

Kwa kawaida ndani huwa kuna kigololi au kiraba kinachoziba maji yasirudi kwenye kimpira. Chako nadhani kimekwama. Fungua uangalie. Ila hata kikiziba vizuri, kwa mita 30 usitegemee kifyonze. Vingi vya aina hii vinataka mpira usiozidi mita 15 hivi, unene wa nusu inchi au zaidi, na presha ya baa 2 kwenda juu.

Bustani Ndogo (#4)

Fundi, umenena. Nimekifungua, chini ya kigololi kuna chembe ya mchanga ndogo kama punje ya ulezi. Nimesuuza, nimerudisha. Nimejaribu tena na maji matupu kwenye ndoo: nikiachia bastola maji hayarudi tena. Nikibonyeza, kimpira kinatoa mapovu, halafu kinafyonza kidogo kidogo kama mtoto asiyetaka uji.

Nimeng'oa bastola nikaacha mpira wazi. Hapo kinavuta kweli.

Shamba la Nyuma (#5)

Nafuatilia huu uzi kwa karibu, maana mimi hicho kidude kiliniunguzia maua msimu uliopita na bado nakitazama kwa jicho la pembeni.

Kosa langu lilikuwa hili. Chupa ya mbolea imeandikwa mili 5 kwa lita moja ya maji. Nikawaza, kidude si kinachanganya chenyewe? Nikamimina chupa nzima kwenye ndoo bila kuongeza maji, nikatumbukiza kimpira. Siku ya tatu ncha za majani zimekauka kama zilizopitishwa kwenye moto, na juu ya udongo kuna utando mweupe wa chumvi.

Bibi Waridi (#6)

Pole mwanangu. Hilo wengi tumelifanya ila hatusemi.

Tazama hesabu yake. Mili 5 kwa lita ni sehemu 1 kwa 200. Kidude chako kinaweka sehemu 1 kwa 16. Ukimimina mbolea bila kuizimua, kila lita inayotoka kwenye mpira ina mili 62 na nusu. Uliwapa maua dozi ya mara 12 na nusu, na ukiwapa juu ya udongo mkavu ndiyo unawamaliza kabisa, kwa sababu chumvi nyingi nje ya mzizi inauzuia mzizi kunywa. Mmea unakauka na maji yako pale.

Kidude hakijui umeweka nini ndooni. Kinajua kuvuta tu. Kazi ya kukadiria ni yako, na inafanyika kabla mbolea haijafunguliwa.

Bustani Ndogo, wewe usiende na hiyo 1:16 ya karatasi. Hiyo ni namba ya mpira wao na presha yao. Tafuta namba yako. Chukua jagi lenye alama za mili, jaza maji matupu hadi 2,000, tumbukiza kimpira. Mwisho wa mpira weka ndoo ambayo una hakika ni lita 20 (pima, ndoo nyingi zinazoitwa za 20 si 20). Jaza ndoo hiyo, funga koki, halafu soma jagi limepungua kiasi gani. Gawanya 20,000 kwa hicho kilichopungua. Rudia mara tatu, maana ya kwanza hudanganya: kimpira huwa bado kina hewa.

Na jagi liweke chini pale pale litakapokaa siku ya kazi. Ukilipandisha juu ya meza namba inabadilika, kwa sababu kuvuta kutoka chini ni kazi kubwa kuliko kuvuta kutoka juu.

Mzee Ndoo (#7)

Kumbe kupumzisha mkono kunahitaji darasa la hesabu.

Bibi Waridi (#8)

Mzee mwenzangu, hata keni ina hesabu, ila wewe umeshaizoea ndiyo maana huioni.

Bustani Ndogo (#9)

Shikamoo bibi. Nimefanya kama ulivyosema, mpira bado mita 30 lakini hauna bastola.

Mara ya kwanza: zimepungua mili 740.
Mara ya pili: 900.
Mara ya tatu: 900 tena.

Kwa hiyo 20,000 kwa 900 ni 22 na kidogo. Kwangu ni 1:22, siyo 1:16. Na ile ya kwanza kweli ilidanganya.

Sasa mbolea yangu ni ya unga, ile ya 20-20-20, pakiti imeandika gramu 1 kwa lita. Nichanganye vipi?

Kijana wa Dripu (#10)

Rahisi mkuu. Namba yako ni 22, basi kila lita ya maji ya ndooni weka gramu 22. Likitoka mwisho wa mpira linakuwa gramu 1 kwa lita.

Kagua kwa njia ya pili ili usijidanganye. Tuseme unamwagilia lita 200. 200 gawanya kwa 22 unapata lita 9 za mchanganyiko wa ndoo. Lita 9 mara gramu 22 ni gramu 198. Na lita 200 kwa gramu 1 moja moja ni gramu 200. Zimekutana. Zikikataa kukutana, usifungue koki.

Ile 20 ya kwanza kwenye pakiti ni asilimia ya naitrojeni. Gramu 1 kwa lita inakupa miligramu 200 za naitrojeni kwa kila lita. Hicho ni kiwango cha mtu anayelisha mara moja kwa wiki au mbili. Ukitaka kulisha kila ukimwagilia, shusha hadi robo ya hapo, la sivyo utakuwa Shamba la Nyuma wa pili (samahani mkuu).

Shamba la Nyuma (#11)

Nimesamehe. Ni kweli.

Swali langu: 1:16 maana yake ni moja ndani ya 16, au moja kwa maji 16, yaani jumla 17? Watu wanabishana.

Kijana wa Dripu (#12)

Tofauti yake haifiki hata asilimia 7. Presha ya bomba lako ikipanda na kushuka mchana kutwa inakuyumbisha zaidi ya hapo. Ukipima kwa jagi la bibi, ubishi umekwisha.

Fundi Koki (#13)

Samahanini, naomba tuache namba kidogo. Kuna kitu hakuna aliyekiuliza na mimi ndicho kinachoninyima usingizi.

Bustani Ndogo, hiyo koki uliyofunga injekta inatoka kwenye bomba moja na lile la jikoni?

Bustani Ndogo (#14)

Ndiyo, ni laini moja. Inaingia nyumbani, inagawanyika.

Fundi Koki (#15)

Basi nisikilize vizuri, na wengine mnaosoma kimya kimya pia.

Jana uliona maji yakitoka bombani kwenda ndooni. Siku nyingine yanaweza kuwa kinyume: kutoka ndooni kwenda bombani. Inatokeaje? Koki yako iko wazi, kimpira kiko ndani ya mbolea. Ghafla maji yanakatika, au bomba linapasuka huko chini, au mtu anafungua bomba kubwa sehemu ya chini zaidi. Maji yaliyomo kwenye mabomba yanaanza kurudi kufuata mteremko na yanavuta chochote kilicho nyuma yake. Kama mwisho wa mpira umelala ndani ya ndoo au dimbwi, linavutwa dimbwi. Kama kigololi kimekaliwa na chembe ya mchanga kama jana, inavutwa mbolea. Maji yakirudi, anayefungua bomba la jikoni kwanza ndiye anayekunywa.

Usitegemee kigololi cha injekta kukulinda. Umeona mwenyewe punje moja ilivyokishinda. Funga kifaa cha kuzuia maji kurudi nyuma, kile cha kukata mvuto kwa kuingiza hewa, kikae kati ya koki na injekta. Mpangilio ni huu: koki, kizuizi, injekta, mpira. Vingine vimejengewa humo humo kwenye injekta, lakini hakikisha kwa macho. Sehemu nyingi duniani sheria za maji zinakudai ukiweke, ila hata pasipo na sheria tumbo ni lako.

Pia:

Kile kizuizi cha hewa hakikutengenezwa kukaa na presha saa nyingi. Ukimaliza funga koki yenyewe, usifunge kwa bastola ya mbele ukaenda kulala.

Mwisho wa mpira usizamishwe ndani ya maji ya aina yoyote. Bibi amesema ujaze ndoo, sawa, lakini shika mpira juu ya ukingo.

Watoto wasinywe kwenye mpira huo. Na dawa za wadudu zisipite humo hata kwa bahati mbaya, kile ni cha mbolea.

Bibi Waridi (#16)

Fundi amesema kweli, na mimi nilipaswa kulitanguliza. Asante mwanangu.

Mzee Ndoo (#17)

Haya, nimenyamaza vya kutosha. Mimi maji yangu ni ya tangi. Liko juu ya mnara wa mita 3. Tuseme nimeshawishika, kidude hicho kitanifaa?

Kijana wa Dripu (#18)

Shikamoo mzee. Kwa hapo hakitafaa. Kila mita 1 ya urefu inakupa takriban baa 0.1, hivyo mnara wa mita 3 ni baa 0.3, ongeza kidogo kwa maji yaliyomo kwenye tangi. Kidude kinataka baa 2. Utakifunga kitakaa kama pambo.

Kwako ni rahisi kuliko kwetu sote: tia mbolea kwenye pipa au tangi dogo la kumwagilia peke yake, lililotengwa na la kunywa, ukoroge, ufungue. Hakuna uwiano wa kutafuta. Gramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa lita.

Ila usije ukashawishiwa kuingiza mbolea upande wa pampu unaovuta maji kutoka kisimani. Inavuta vizuri sana, ndiyo tatizo lenyewe. Pampu ikizimika mbolea inateremka hadi kisimani, na chumvi yake inaila pampu kwa ndani.

Mzee Ndoo (#19)

Kwa hiyo naendelea na ndoo, ila kubwa zaidi. Nimekubali.

Shamba la Nyuma (#20)

Kijana, wewe jina lako ni dripu. Huko mnafungaje? Nataka kuhamia matone.

Kijana wa Dripu (#21)

Hiki kidogo cha kwenye koki hakipendi dripu, maana mirija ya matone inabana maji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tunatumia venturi kubwa kidogo, inafungwa kwenye njia ya pembeni. Kwenye bomba kuu, kati ya pale hiyo njia inapotoka na pale inaporudi, unaweka koki, unaifunga kidogo kidogo. Maji yakibanwa yanapendelea kupita pembeni kwenye venturi, na inaanza kuvuta. Lazima presha ya kuingia iizidi ya kutoka kwa asilimia 20 angalau, nyingine zinataka zaidi sana. Kwa hiyo kama presha yako ni ya kubahatisha, utapata mbolea au utapata maji, siyo vyote viwili.

Baada ya venturi weka chujio. Na ratiba yangu ni robo ya kwanza ya muda maji matupu, nusu ya katikati mbolea, robo ya mwisho maji matupu tena ya kusafisha mirija. Ukiruka hiyo ya mwisho chumvi inakauka kwenye vitundu, na kuvizibua kimoja kimoja kwa sindano ni adhabu.

Bustani Ndogo (#22)

Jamani nimerudi na kituko kipya. Kizuizi nimefunga fundi, asante. Mpira nimekata, sasa ni mita 12, nimepima tena zimepungua mili 1,200 kwa lita 20, yaani 1:16.7. Karatasi haikudanganya, mpira wangu ndio ulikuwa mrefu.

Nikasema leo niwape nyanya na kalsiamu. Nikachukua kalsiamu naitreti na ile magnesiamu salfeti, nikaziweka ndoo moja. Maji yakawa maziwa! Chini kuna tope jeupe, chujio la kimpira limeziba. Ajabu ni kwamba kwenye keni nilikuwa nachanganya hizo mbili na hakuna kilichotokea.

Bibi Waridi (#23)

Hilo tope ni jasi, mwanangu. Kalsiamu ya huku imekutana na salfeti ya kule wakaoana. Jasi haiyeyuki sana, lita moja ya maji inabeba gramu 2 na kidogo tu. Kwenye keni vitu vyako vilikuwa vyembamba, havikufika hapo. Kwenye ndoo umevikoleza mara 16, vimezidi, vikaganda. Kalsiamu na fosfeti ndiyo mbaya zaidi, hiyo hata 20-20-20 yako inahusika, maana ina fosfeti ndani. Kalsiamu ipewe ndoo yake na siku yake.

Hilo tope usilipitishe. Mwaga, suuza, anza upya.

Na ukiwa unayeyusha urea, gusa ndoo: itakuwa baridi kama imetoka kisimani. Urea inapoyeyuka inanyonya joto, na maji yakipoa chumvi nyingine zinakataa kuyeyuka au zinarudi kuwa punje. Tumia maji ya vuguvugu, koroga kwanza vile vigumu kuyeyuka, acha nusu saa, chuja kwa kitambaa ndipo uweke kimpira.

Shamba la Nyuma (#24)

Na maji ya samadi? Yale ya kuloweka kwenye gunia siku kadhaa.

Fundi Koki (#25)

Usithubutu. Kitundu cha ndani hakizidi milimita mbili. Hata ukichuja mara tatu, utelezi wake unaota humo ndani. Samadi mpe Mzee Ndoo.

Mzee Ndoo (#26)

Nimepokea kwa mikono miwili.

Bustani Ndogo (#27)

Mrejesho wa leo. Asubuhi nimemwagilia maji matupu dakika tano ili udongo usiwe mkavu. Kisha nikaweka ndoo ya plastiki lita 6, gramu 100 za 20-20-20. Kabla ya kuanza nikahesabu: lita 100 mwisho wa mpira, ndoo ikauke.

Nimefungua koki, nikasubiri. Sekunde kadhaa maji meupe, halafu bluu hafifu ikaanza kutoka. Jamani nilifurahi kama mtoto. Ile rangi niliyokuwa naiona ya kibiashara kumbe ina kazi, unaona kabisa mbolea imefika. Nimegawa kwa kuhesabu sekunde kila tuta, na lita 6 zimeisha nikiwa kwenye tuta la mwisho, nikawa nimekosea nusu tuta tu.

Mwishoni nimehamishia kimpira kwenye ndoo ya maji safi dakika tatu, hadi bluu ikakata, shaba isiliwe na chumvi. Koki nimefunga mwenyewe. Bastola nimempa jirani.

Swali dogo: ndoo ikikaribia kuisha kimpira kinaanza kuvuta hewa na dozi inapungua, nimeona mapovu. Mnafanyaje?

Fundi Koki (#28)

Funga kijiwe au nati ya plastiki karibu na chujio lilale chini, na inamisha ndoo upande mmoja. Usitumie nati ya chuma, itapata kutu. Mapovu yakitokea wakati ndoo imejaa, hayo ni mengine: kimpira kimepasuka au washa, kile kiraba cha kuziba kiungo, imechoka. Paka maji ya sabuni kwenye viungo, panapomeza povu ndipo penye ufa.

Bustani Ndogo (#29)

Wakuu, siku ya tisa leo. Nyanya zinaendelea vizuri, hakuna jani lililoungua. Hoho bado zinafikiria.

Ila kitu kilichostawi kuliko vyote kwenye hii bustani ni duara la nyasi pale karibu na koki, ile sehemu ndoo ilipofurikia siku ya kwanza. Limekuwa kijani cha kuiva, nimelifyeka mara mbili na linataka tena.